Namna ya kuendesha mkutano wa kila mwezi wa kikundi cha ukulele

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana wenzake wanne au watano wenye ukulele, yaani gita dogo la nyuzi nne, na anataka wawe wanakutana mara moja kwa mwezi wapige na kuimba pamoja. Naongoza kikundi cha namna hiyo hapa Tanga, na wanachama wetu wengi waliimba kwaya kabla hawajashika chombo chochote. Hilo limenifundisha kuanza na sauti za watu. Anayeanza akishaujua wimbo kooni, vidole vinamfuata. Akianzishwa na vidole peke yake, anakuja mara mbili kisha humwoni tena.

Hatua ya kwanza: siku, mahali na viti

Chagua siku isiyohama, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa kumi jioni, na usiibadilishe hata kama wawili watatu wana udhuru. Saa mbili zinatosha. Darasa la shule, ukumbi wa kanisa au baraza pana, popote panafaa ilimradi pasiwe na spika ya jirani, maana ukulele ni chombo cha sauti ndogo. Mkikaa nje, kuweni na vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, upepo usizichukue.

Panga viti duara, na anayeanza akae ubavuni mwa mzoefu. Akikaa ng'ambo ya duara ataona mkono wa mwenzake kinyumenyume, atababaika. Akiwa ubavuni anatazama chini tu na kuona kila kidole kilipo.

Hatua ya pili: kutyuni

Kutyuni ni kukaza au kulegeza nyuzi mpaka sauti zikubaliane. Hapa usiwe na haraka. Ukulele kumi zilizopishana kidogo tu huharibu jioni nzima, na anayeanza hudhani kosa ni lake.

Ukulele za saizi tatu za kawaida, ziitwazo soprano, konsati na tena, hutyuniwa namna moja. Kuanzia uzi ulio karibu na kidevu kushuka chini ni G, C, E, A. Aliyeimba kwaya kwa nota za solfa ataufurahia mpangilio huu, kwa sababu ukiifanya C kuwa do, nyuzi nne zinaimba *so, do, mi, la*. So hiyo ni ya juu, ipo kati ya mi na la, kwa hiyo nyuzi zote zimo ndani ya oktavu moja. Mwenye uzi mnene wa G atasikia so ya chini, nayo ni sawa pia.

Fanya hivi: mmoja atyuni kwa programu ya simu, ahakikishe programu imewekwa A ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Kisha apige uzi wa C, watu wote waimbe do, halafu kila mtu atafute do hiyo kwenye chombo chake. Fuateni na mi, so, la. Baada ya hapo tumieni simu kuhakiki. Inachukua muda mrefu kidogo kuliko kila mtu kuinamia skrini yake, lakini masikio yanafunguka na sauti zinapashwa moto kwa pamoja.

Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwenye nyuzi mpya atyuni tena baada ya kila wimbo bila aibu. Waambie pia wasiache ukulele ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la chombo, hulainika na daraja hunyanyuka.

Mwenye ukulele ya baritoni, ile kubwa, ana mpangilio mwingine, D, G, B, E, sawa na nyuzi nne za chini za gita, yaani zile nyembamba. Mpe michoro ya kodi za gita (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Akifuata michoro ya wenzake, atasikika katika ufunguo mwingine kabisa, yaani do yake itakuwa mahali pengine.

Hatua ya tatu: nyimbo tatu, basi

Najua hamu ya kuleta nyimbo kumi. Leta tatu: moja wanayoijua sana, moja ya mwezi uliopita, na moja mpya. Wimbo wa kwanza uwe ule ambao hata mpita njia angeuitikia, wa kwaya, wa harusi, wa mchakamchaka au wa dansi la zamani. Nyimbo zetu nyingi za aina hii hutembea juu ya kodi tatu, ya do, ya fa na ya so. Katika ufunguo wa C hizo ni C, F na G.

Karatasi iwe na maneno kwa herufi kubwa, jina la kodi juu ya silabi hasa inapobadilika, na michoro ya vidole pembeni. Wimbo mzima ukae ukurasa mmoja, kwani mikono yote ina kazi na hakuna wa kugeuza karatasi.

Hatua ya nne: imbeni kwanza

Ukulele zikae mapajani. Imbeni wimbo mpya mara mbili mkipiga makofi, mpaka beti zimeshika. Chombo hiki kimekuwa rafiki wa sauti tangu mwanzo. Wareno waliohama kutoka kisiwa cha Madeira walifika Honolulu, Hawaii, mwaka 1879 na vigita vyao vidogo, mafundi seremala waliokuwa miongoni mwao wakaanza kuvitengeneza hapohapo, na Wahawaii wakavifanya vyao kwa kuimbia na kuchezea hula, ngoma yao. Kikundi kinachopiga bila kuimba kinajinyima nusu ya raha.

Hapo pia utajua kama ufunguo unawafaa. Wakikaza shingo kufikia sauti za juu, shusheni kutoka C hadi A: kodi zitakuwa A, D na E7, zote rahisi kushika.

Hatua ya tano: vidole

Anza na kodi ya C, kidole cha pete kwenye freti ya tatu ya uzi wa A, hakuna kingine (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni mwa chombo, na zinahesabiwa kutoka kichwani). Kisha Am, kidole cha kati freti ya pili ya uzi wa G. Usikiondoe. Ongeza kidole cha shahada freti ya kwanza ya uzi wa E, umepata F. Mtu akiona kwamba kodi mbili zimetofautiana kwa kidole kimoja, woga unamtoka. G ndiyo inayosumbua, kwa hiyo mruhusu atumie G7: shahada freti ya kwanza ya uzi wa E, kati freti ya pili ya uzi wa C, pete freti ya pili ya uzi wa A.

Na aliyefika leo kwa mara ya kwanza? Apige nyuzi wazi kila wimbo unapofika C au Am, na anyamaze kwenye F na G. Nyuzi wazi zinakubaliana na kodi hizo mbili. Nimeona watu wazima wakitabasamu kama watoto kwa sababu ndani ya robo saa tayari wamo ndani ya wimbo.

Mwendo uwe wa polepole, kama midundo 70 kwa dakika, na mkono wa kulia ushuke tu. Anayepotea asisimame kuuliza. Aimbe, asubiri kodi anayoijua, aingie tena.

Hatua ya sita: gaweni kazi

Wimbo ukishakaa, wote wasipige kitu kimoja. Wanaoanza wapige pigo moja mwanzoni mwa kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo, mara nyingi manne. Wa kati wapige chini, chini-juu, juu-chini-juu. Wawili wazime nyuzi kwa kiganja kwenye pigo la pili na la nne, wapate ule mlio mkavu unaoshika mwendo. Mzoefu adonoe sauti ya wimbo. Ikiwa ni chakacha, hesabuni sita, na nguvu iwe kwenye moja na nne. Kayamba ikiwepo, mshikaji aicheze taratibu isizidi nyuzi.

Hatua ya saba: chai, kisha zamu

Baada ya saa moja pumzikeni kwa chai na chochote kilicholetwa. Nusu ya pili ni ya zamu kuzunguka duara. Kila mtu anachagua wimbo, anapiga peke yake, au anasema "endelea" na zamu inapita kwa jirani. Neno hilo lipokelewe bila kumbembeleza mtu. Wengi husema "endelea" miezi kadhaa, kisha siku moja wanapiga.

Dakika kumi kabla ya kuondoka, amueni wimbo mpya wa mwezi ujao na ni nani ataandika karatasi yake. Mtu huyo aitume kwenye kundi la WhatsApp wiki hiyohiyo, pamoja na sauti aliyojirekodi akiimba taratibu, ili wasiosoma kodi wajifunze kwa kusikiliza.