Sauti ya laptopu ikigota kwenye 100

Umepandisha sauti hadi mwisho na bado maneno ya kwenye video hayasikiki? Ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Kitelezi chake cha sauti hakikomi kwenye asilimia 100, kinakwenda hadi 125, na kwa mhadhara uliorekodiwa mbali na maikrofoni, nyongeza hiyo inasaidia sana.

Mnaotumia mfumo wa Linux mna nafasi kubwa zaidi, maana mnaweza kukuza sauti ya mfumo mzima, kivinjari kikiwemo. Kwenye tominali (dirisha la kuandikia amri) andika:

pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ 150%

Ukitaka kurudi, badilisha 150 iwe 100.

Ila angalieni mnachokuza. Programu huzidisha mawimbi tu. Yakivuka kikomo, vilele vyake hukatwa na sauti hukwaruza. Rekodi hafifu ina nafasi ya kupanda, lakini muziki wa kisasa mara nyingi umeshajazwa hadi juu, kwa hiyo utaharibika tu. Ukisikia mkwaruzo, shusha mara moja, kwani spika za laptopu ni ndogo na hazifai kusukumwa hivyo kwa muda mrefu. Na tafadhali, rudisha sauti chini kabla ya kuvaa hedifoni. Masikio hayana vipuri.