Kufundisha tawi la chama kudai haki serikalini bila kuvunja sheria: ninavyofanya Mombasa

Nimetoka kukaa Jumamosi tatu na tawi la chama cha wafanyakazi wa maghala huku Changamwe. Walikuwa wanataka kaunti iweke taa kwenye barabara wanayopita wakitoka zamu ya usiku, maana akina mama wawili walikuwa wameshaporwa. Siku ya kwanza kijana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, sisi tugome tu, taa zitakuja." Mafunzo yangu huanzia kwenye neno hilo.

Hatua ya 1: Gawa malalamiko mafungu mawili

Mpe kila mtu karatasi aandike lalamiko moja. Zikusanye, kisha mzipange pamoja: hili ni la mwajiri, hili ni la serikali. Mshahara, saa za ziada na likizo ni la mwajiri. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanyakazi haki ya kugoma, lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 76, inaulinda mgomo ikiwa tu mzozo unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, usuluhishi umeshindikana, na notisi ya siku saba imeandikwa. Ukigomea taa za kaunti, mwajiri ana njia ya kukuadhibu. Ukiwafundisha watu wa feri ya Likoni, ongeza kwamba feri imo katika huduma muhimu ambako mgomo hauruhusiwi.

Kila darasa huwa na mzee atakayetaja Januari 1947, Mombasa iliposimama kwa mgomo ulioanzia bandarini. Mwache aseme, na vijana wamsikilize. Kisha waonyeshe kwamba wale hawakuwa na bunge la kaunti la kupelekea dai, na sisi tunalo.

Hatua ya 2: Chagua dai moja

Moja tu. Pigeni kura.

Hatua ya 3: Andika petisheni

Hapa usiharakishe. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kupeleka petisheni, yaani ombi rasmi la maandishi, kwenye bunge la kaunti. Muundo ninaoufuata ni ule wa sheria ya 2012 ya petisheni za Bunge la taifa, kwa sababu inataja kila kinachotakiwa.

Mara yangu ya kwanza, miaka kadhaa nyuma, nilirudishwa na kurasa kumi na moja za sahihi. Kichwa cha dai kilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza tu, na zilizofuata zilikuwa majina matupu. Karani aliniuliza, "Hawa walitia sahihi nini?" Sikuwa na jibu. Nilizunguka Jomvu na Miritini usiku mbili kuwatafuta watu upya, na wengine walikuwa wameshahama. Kwa hiyo:

Andika dai juu ya KILA ukurasa wa sahihi, kabla hujampa mtu kalamu. Kila anayesaini aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, au dole gumba kama haandiki. Pasiwe na kufutafuta. Akikosea, aanze mstari mpya. Kiswahili kinakubalika kama Kiingereza, na mimi nasisitiza Kiswahili: mtu asisaini asichoweza kukisoma. Eleza mlishamwendea nani na alijibu nini (ambatisha barua zenyewe), na useme kama jambo hilo liko mahakamani. Malizia kwa kutaja hasa mnachotaka bunge lifanye. "Tunaomba mtusaidie" haitoshi. "Tunaomba kaunti iweke taa kutoka kona hii hadi lango lile" ndiyo yenyewe.

Nakataa kabisa kukusanya sahihi kwa WhatsApp. Karatasi na kalamu, baada ya zamu, nje ya lango la mwajiri. Usipige picha kurasa hizo na kuzirusha kwenye kundi, kwani zina nambari za vitambulisho vya watu. Na kabla mtu hajasaini, mwambie wazi kwamba jina lake linaweza kusomwa na bosi wake. Akisita, mwache aende kwa heshima.

Ipeleke mapema. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na petisheni ya taa inayofika Julai imeshakuta mwaka mpya wa fedha umeanza.

Hatua ya 4: Fanyeni mazoezi ya kujieleza mbele ya kamati ya bunge la kaunti

Wanachama watatu wawe wawakilishi wa wadi, wengine wajieleze kwa dakika tatu. Msemaji nisiyemtaka ni mwenyekiti. Kule Changamwe alisema mama mmoja wa zamu ya usiku, na hata "wawakilishi" wetu wa mazoezi waliacha kuandika wakamtazama.

Hatua ya 5: Maandamano, ikibidi

Kifungu cha 37 cha Katiba kinawalinda mkiwa na amani na bila silaha. Mpelekeeni OCS (mkuu wa kituo cha polisi) notisi ya maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla: jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita. Saa ni kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Chukueni nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa kituo. Moja abaki nayo katibu, nyingine aibebe anayetangulia mbele siku hiyo.