Kupunguza hasara karakana ya vyuma: anza na tepu, si grainda

Ingia karakana yoyote ya vyuma Kariobangi Light Industries, Nairobi, na utaona rundo la vipande kwenye kona. Mwenye karakana hulihesabu kama akiba, maana mwisho wa mwezi linauzwa skrapu na pesa ya chai inapatikana. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kipande kile kilinunuliwa kwa bei ya chuma kipya, kikalipiwa mkokoteni, na sasa kinaondoka kwa bei ya chakavu.

Hatua zifuatazo ni za karakana ya mafundi wachache wanaotengeneza mageti, grili na fensi.

Hatua ya 1: Pima rundo kwanza

Mwezi wa kwanza usibadilishe chochote. Kila Jumamosi pima uzito wa mabaki, zidisha kilo kwa bei ya chuma kipya (si ya skrapu), kisha andika daftarini. Kando ya kila rundo andika sababu: kipimo kibaya, kazi iliyorudiwa, au mabaki ya kawaida. Bila daftari hili mtabaki kulaumiana tu.

Hatua ya 2: Kata kwenye karatasi kabla ya kukata chuma

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo, kwa hiyo tuende polepole.

Tuseme mteja anataka fensi yenye fimbo 60 za wima, kila moja mita 1.5. Bomba la mraba ni mita 6. Kichwani inaonekana rahisi: fimbo 4 kwa kila bomba, mabomba 15. Lakini diski nayo hula chuma. Diski ya mashine ya kukatia ina unene wa kama milimita 3, na ili upate vipande 4 unakata mara 3. Milimita 9 zimegeuka cheche, na fimbo ya nne inatoka na milimita 1,491. Fundi anaipima, anaguna, anaitupa konani. Sasa kila bomba linatoa fimbo 3, na unahitaji mabomba 20.

Bomba la milimita 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 1.1 kwa mita. Vile vipande 20 vilivyotupwa ni takriban kilo 33 za chuma kipya, katika kazi moja.

Dawa yake ni simu moja. Muulize mteja kama fimbo za milimita 1,495 zinamfaa. Nne zinachukua 5,980, ongeza 12 za diski (sasa unakata mara 4), unapata 5,992, na bomba linatosha. Sijaona mteja wa fensi anayegombania milimita 5. Ila pima mabomba yenyewe kwanza yanaposhushwa, kwa sababu si yote hufika mita 6 kamili.

Kazi ikiwa na vipimo tofauti, anza na vipande virefu, kisha tafuta vifupi vinavyoingia kwenye mabaki. Mabaki yanayofaa yasimamishwe ukutani kwa urefu, kipimo kimeandikwa kwa chaki. Asiruhusiwe mtu kukata bomba jipya kabla ya kutazama ukuta.

Hatua ya 3: Geti lisirudi

Fremu ikichomelewa kona moja mpaka mwisho, joto huivuta na inapinda, na geti linarudishwa karakana kufanyiwa upya. Shika kona zote 4 kwa nukta tu (mchomeleo mdogo wa kushikilia), pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, ndipo umalizie, ukiruka kutoka kona moja hadi ile iliyo mkabala nayo.

Hatua ya 4: Vijiti na stima

Kijiti cha kawaida cha kuchomelea kina milimita 350, na kinafaa kutumika hadi kibaki kama 50. Okota vilivyotupwa sakafuni uone vinaachwa wapi. Pakiti isikae wazi chini msimu wa masika. Kijiti chenye unyevu hurusha cheche na kuacha matundu kwenye mshono. Mashine ya transfoma nayo hula stima hata isipochomelea, kwa hiyo izimwe watu wakienda kula.

Hatua ya 5: Safari za dukani

Taiichi Ohno wa Toyota aliorodhesha aina 7 za upotevu kiwandani, kusubiri ikiwa mojawapo. Kwetu kusubiri kuna sura ya kijana aliyetumwa kununua diski moja huku fundi wawili wamekaa. Weka kiwango: zikibaki diski 3, agiza.

Hatua ya 6: Kilichobaki kabisa

Kiuze kwa mnunuzi mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya 2015 inavyotaka, na udai risiti. Serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma, kwa hiyo usikubali kuuza kwa mtu wa mkokoteni asiyejulikana. Bandika risiti kwenye lile daftari la hatua ya kwanza, karibu na kilo za wiki hiyo.