Jinsi ya kuomba kadi ya ulemavu nchini Kenya kwa asiyeona au anayeona kwa shida

Wengi huanzia ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, na kurudishwa wakiwa mlangoni. Anza na hospitali. Baraza halipimi macho. Linamsajili mtu ambaye tayari ametathminiwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Barua ya kliniki ya kibinafsi, hata iwe na mihuri mitatu, haitoshi. Wala si lazima uwe kipofu kabisa: ikiwa unaona kwa shida hata ukivaa miwani, nenda ukatathminiwe.

Uliza kwanza jopo hukaa siku gani, maana nauli ya kwenda bure inauma. Beba kitambulisho na nakala yake, picha za pasipoti, miwani yako na karatasi zote za matibabu ya macho. Kama ni mtoto, chukua cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi au mlezi.

Daktari huandika uwezo wa kila jicho kwa namba. 3/60 maana yake ni kwamba herufi unayoitambua ukiwa mita 3, mwenye macho mazima angeitambua akiwa mita 60. Zikikushinda herufi zote utaulizwa unaona vidole vingapi, kisha kama unaona mkono unaopungwa, na mwisho utamulikwa tochi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, aliye chini ya 3/60 kwa jicho lililo afadhali ni kipofu. Hakikisha macho yote mawili yamejazwa, na kwamba fomu inasema kama hali ni ya kudumu. Fomu iliyoandikwa "haoni vizuri" tu haikusaidii. Mwenye mtoto wa jicho huenda akaambiwa afanyiwe upasuaji kwanza, na asikasirike, kwani ugonjwa huo unatibika.

Kabla ya kuweka kidole gumba popote, usomewe fomu nzima kwa sauti na mtu uliyemchagua wewe mwenyewe.

Usajili wenyewe hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au katika ofisi ya Baraza kwenye kaunti yako. Ukitumia saiba, yaani duka la intaneti, nenda na mtu wa nyumbani, na nywila isibaki kwa mhudumu. Kusajiliwa hakulipishwi, anayedai ya chai ni mkora.

Kadi ikitoka, ijue mipaka yake. Haileti pesa yenyewe, na kila huduma ina ombi lake. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, zinalenga mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote katika familia maskini, kwa hiyo asiyeona anayejitegemea asizihesabu kuwa zake. Mwone chifu au ofisa wa maendeleo ya jamii uulize usajili utafunguliwa lini.

Mtoto wa shule asisubiri kadi. Mpeleke moja kwa moja kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC, ambako hushauriwa kama anafaa shule ya wasioona au ya kawaida yenye maandishi makubwa. Fimbo nyeupe iulizie ofisi ya Baraza au Kenya Society for the Blind, na uombe pamoja nayo mafunzo ya kutembea. Nimeona fimbo nyingi zikikaa nyuma ya mlango kwa sababu hakuna aliyemfunza mwenye fimbo kuitumia.

Kwa mwenye mshahara au biashara, faida kubwa iko kwenye kodi. Ombi hupitia iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi, KRA, ukiwa na PIN yako ya kodi, kadi, ripoti ya tathmini na uthibitisho wa mapato. Cheti cha msamaha kikitoka, shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Mpelekee mwajiri nakala upesi, la sivyo ataendelea kukata kama zamani. Cheti kina tarehe ya kuisha, kwa hiyo omba upya mapema. Na ritani ya kodi bado unawasilisha kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni kupita, hata kama hudaiwi chochote.