Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Mfano wa Tokyo na Los Angeles

Anayepima umbali kwa rula juu ya ramani bapa hukosea, kwa sababu njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia ni ile ya duara kuu, yaani duara linaloizunguka dunia likiwa na kitovu kimoja nayo, na ndege za masafa marefu hujitahidi kuikaribia. Tokyo na Los Angeles zimekaribiana kwa latitudo, lakini ukienda mashariki moja kwa moja utasafiri kilomita zipatazo 9,300, ilhali duara kuu, ambalo hupinda kaskazini hadi karibu nyuzi 48, lina takriban 8,800.

Hatua ya 1: Andika latitudo na longitudo za miji yote miwili. Tokyo iko nyuzi 35.7 Kaskazini na 139.7 Mashariki, Los Angeles iko 34.1 Kaskazini na 118.2 Magharibi. Kwa kuwa longitudo ziko pande tofauti, zijumlishe upate 257.9, jibu likizidi 180, litoe katika 360. Hapa tunabaki na 102.1.

Hatua ya 2: Zidisha saini (sin kwenye kikokotoo) za latitudo hizo mbili. Kisha zidisha kosaini (cos) zake, na jibu hilo ulizidishe tena kwa kosaini ya 102.1, ambayo ni hasi. Jumla ya matokeo hayo mawili ni 0.186, na pembe yenye kosaini hiyo ni nyuzi 79.3. Kila uzi mmoja ni kilomita 111.2, kwa hiyo zidisha upate takriban kilomita 8,800. Jibu likiwa la ajabu, kagua kwanza kama kikokotoo kimewekwa kwenye radiani badala ya nyuzi.

Hatua ya 3: Tafuta muda. Hapa ndipo wengi hugawanya umbali kwa kilomita 900 kwa saa na kuridhika, wakasahau upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi, ambao huwa na nguvu zaidi majira ya baridi. Tukichukua wastani wa kilomita 80 kwa saa, ndege iendayo Los Angeles hupata mwendo wa 980, na irudiyo hubaki na 820. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, na nusu nyingine ya ndege kutembea ardhini uwanjani, kwani ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho. Kwenda kunachukua takriban saa 10. Kurudi, saa 11 na dakika 45.

Hatua ya 4: Geuza saa za huko. Fanya hesabu kwa mfumo wa saa 24, ndipo ubadilishe kwa Kiswahili mwishoni. Ndege ikiondoka Tokyo Jumatatu ya Julai saa 17:00, ongeza 10, toa tofauti ya saa 16 iliyopo kati ya miji hiyo: inatua 11:00, yaani saa tano asubuhi ya Jumatatu ileile. Japani haibadilishi saa zake, lakini Los Angeles hurudisha zake nyuma kila Novemba, na hapo tofauti huwa 17.