Jinsi ya kuchimba jina lako lilikotoka (anza na watu, kusachi baadaye)

Wengi wetu tukitaka kujua maana ya jina tunashika simu, tunasachi, linakuja "malkia" au "shujaa" au "mwenye moyo safi", tunapiga skrinshoti, tunaweka stetasi, imeisha hiyo. Mi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Naitwa Monika, saiti moja ikaniambia ni "mshauri", nyingine ikasema "mpweke", nikachagua mshauri manake nani anataka kuitwa mpweke jamani. Zote mbili zilikuwa za kubahatisha, ntafika huko.

Kwanza jua kwamba unatafuta vitu viwili. Kuna maana ya neno lenyewe, hii haikimbii, hata miaka 10 ijayo utaikuta. Alafu kuna sababu ya wewe kupewa hilo jina na sio lingine, na hii imekaa kwenye vichwa vya watu wawili watatu ambao umri unawaenda. Kwa hiyo anza na hao.

Sasa ukifika usiulize "eti jina langu maana yake nini", utajibiwa "aah, jina tu hilo" na stori inafia hapo. Uliza vitu ambavyo mtu anaweza kuviona tena kichwani: nani alilitaja wa kwanza, nani alikuwepo, kabla sijapewa hili mlikuwa mnaniitaje, na lipi lingine lilitajwa likaachwa. Hili la mwisho ndo linafungua midomo, manake pale kuna mtu alishindwa na bado anakumbuka. Omba ruhusa urekodi kwenye simu. Na waulize wawili, kila mmoja kivyake, ukiwakalisha pamoja mwenye sauti kubwa ndo anabaki na stori. Zikigongana usihangaike kuamua nani muongo, andika zote.

Baada ya watu ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo kama unacho, kadi ya kliniki, popote jina lilipoandikwa mapema, na usidharau herufi moja. Hadija na Hadia mtu anaweza kudhani ni jina lile lile limeandikwa kivivu, kumbe la kwanza ni Khadija, kwa Kiarabu aliyezaliwa kabla ya siku zake, njiti yaani, na la pili ni zawadi. Au chukua Saidi. Kuna Saidi yenye herufi ya Kiarabu iitwayo ayn ndani yake, huyo ni mwenye furaha, na kuna Sayyid ambaye ni bwana, mtukufu, mizizi miwili tofauti kabisa, ila Kiswahili tumeimeza ile ayn basi mdomoni zinakaribiana na karani anaandika alivyosikia.

Kisha tarehe, na hapa ndo watu wengi wanaruka. Tafuta ulizaliwa siku gani ya wiki, simu yenyewe inaweza kurudisha kalenda. Kofi Annan, yule aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, ukirudisha kalenda ni Ijumaa, na Kofi kwa Waakan wa Ghana ndo mtoto wa kiume wa Ijumaa. Jina lake la kati, Atta, ni pacha, na kweli alizaliwa pacha na dada yake. Majina mawili tu na tayari unajua siku na alikuja na nani! Kama we ni Rajabu, Shabani au Ramadhani, badilisha tarehe yako iende kwenye kalenda ya Hijra, ila kumbuka ule mwaka ni mfupi kwa kama siku 11 hivi kwa hiyo mwezi unahama, usishangae Ramadhani wawili wamezaliwa misimu tofauti.

Wenye majina ya watakatifu angalieni sikukuu, lakini angalieni na kalenda ya zamani, hii iliniponza mimi. Nimezaliwa tarehe 4 mwezi wa tano. Nikaangalia sikukuu ya Mtakatifu Monika, 27 Agosti, haiendani hata kidogo, nikasema basi jina liliokotwa tu. Siku bibi ananionyesha kitabu chake cha sala, jalada limeshatoka, kurasa za mwanzo zimeshikwa na uzi, ana orodha ya watakatifu wa mwaka mzima na pale Mei 4 pamepigwa mstari kwa penseli: Monika. "Si siku yako hiyo mjukuu wangu, mi nilisoma tu ilivyoandikwa." Kumbe Kanisa Katoliki lilipanga upya kalenda mwaka 1969 na sikukuu kadhaa zikahama, Tomaso naye alitolewa 21 Desemba akapelekwa 3 Julai. Mi nimekuja miaka mingi baadaye ila kitabu cha bibi hakikuwa na habari hizo.

Sasa ndo ufungue intaneti. Anza na lugha kabla ya maana. Majina ya Kiarabu mengi yamejengwa juu ya konsonanti tatu, ukizipata umepata ukoo mzima: Ahmed, Hamid, Hamida, Mahmoud, Muhammad, wote wana h-m-d na wote ni habari za sifa. Ya Kiebrania angalia mkia, ile "eli" ya Danieli na Gabrieli ni Mungu. Na jina moja linaweza kutembea na kubadilisha nguo mpaka usilijue, Yohana ndo John, ndo Juan, ndo Ivan, ndo Yahya.

Saiti inayokupa maana bila kutaja lugha wala neno la asili, achana nayo. Vanessa wanakuandikia "kipepeo". Jina hilo alilitunga mwandishi Jonathan Swift miaka ya 1700 kwa kuunganisha vipande vya jina la mwanamke aliyemfahamu, na wadudu walikuja kupewa jina la Vanessa mwaka 1807, kwa hiyo kipepeo ndo kamfuata Vanessa. Na shaka iongezeke ukiona kila jina ni tamu, manake majina ya kweli hayana aibu: Paulo ni mdogo, Tomaso ni pacha tu, Klaudia mzizi wake ni kiwete na Sesilia ni kipofu.

La kwangu? Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Agustino, alitokea Thagaste, leo ni Souk Ahras, Algeria, na wataalamu wengi wanaona jina ni la watu wa kule kule Afrika Kaskazini, sio la Kilatini wala Kigiriki. Miaka yote najua nina jina la Kizungu!

Ukimaliza andika ukurasa mmoja, uweke nani alikwambia na tarehe aliyokwambia. Wa kwangu una mstari mmoja wa baba, alitaka niitwe Subira, na hadi leo akimkasirikia bibi ananiita hivyo makusudi.