Jinsi ya kuomba mkopo wa nyumba ya kwanza ukiwa mtumishi wa umma unayeweza kuhamishwa

Mwalimu, nesi, hakimu, afisa kilimo: barua ya uhamisho huja siku yoyote, na mkopo wa nyumba hudumu miaka 15 au 20. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, watumishi wa wizara waliozoea Dar es Salaam walifungasha na kuondoka. Kwa hiyo kabla hujaulizia riba, jiulize nani atakaa kwenye nyumba hiyo ukipangiwa Sumbawanga.

1. Anza na theluthi

Mtumishi wa umma hakatwi zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wake. Chukua salari slipu na kalamu. Tuseme mshahara wako ni shilingi 1,500,000, kwa hiyo makato yote yasizidi 1,000,000. Kodi ya mapato, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya, chama cha wafanyakazi na mkopo wa elimu ya juu vinaweza kufika kama 630,000. Umebakiwa na nafasi ya rejesho la 370,000 hivi. Kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20, rejesho hilo linabeba mkopo wa takriban milioni 28 tu.

Nakuomba usiijaze nafasi hiyo yote. Ukihamishwa utalipa pango ulikopelekwa, na rejesho litaendelea kukatwa kule kule kwenye mshahara.

2. Chagua nyumba ya kupangishika

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunanunua nyumba ya ndoto, pembeni kabisa ya mji, kwa kuwa bei ni nafuu na eneo ni kubwa. Ukihama, mpangaji hapatikani. Tafuta nyumba iliyo karibu na hospitali, chuo au barabara ya daladala, yenye maji na umeme wa uhakika. Kisha mpigie dalali wa mtaa huo, umuulize pango la nyumba kama hiyo, kama mtu anayetafuta kupanga. Kwenye pango hilo toa asilimia 10 inayokwenda TRA kama kodi, toa matengenezo, toa miezi miwili ya nyumba kukaa tupu kwa mwaka. Kinachobaki kikikaribia rejesho, endelea. Kikiwa nusu yake, tafuta nyingine.

Uliza pia nyumba za Watumishi Housing na za Shirika la Nyumba la Taifa.

3. Fanya upekuzi wa hati

Omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa. Utaona mmiliki halisi, rehani iliyopo na zuio lolote. Usitoe hata shilingi ya malipo ya awali kabla ya jibu.

4. Peleka maombi benki

Andaa kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, salari slipu za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya mwajiri, nakala ya hati na makubaliano ya mauzo. Aliye kwenye ndoa ataleta ridhaa ya mwenzi kwa maandishi, maana sheria hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa hiyo. Mzungumze nyumbani mapema, hasa kama mmoja wenu atabaki na watoto mwingine akihama. Benki itatuma mthamini na kupekua historia yako ya mikopo, hivyo maliza madeni madogo kwanza.

5. Soma barua ya ofa kabla ya kusaini

Uliza mambo matatu, na majibu uyapate kwa maandishi. Je, naruhusiwa kupangisha nikihamishwa, na kibali kinaombwaje? Nikiuza na kulipa deni lote mapema, kuna tozo kiasi gani? Riba itabaki hiyo hiyo au itabadilika? Mikataba mingine inamtaka mkopaji aishi mwenyewe ndani ya nyumba. Omba kipengele hicho kirekebishwe sasa, kwa sababu ukishasaini huna nguvu ya kujadiliana.

6. Acha mtu wa kukusimamia

Baada ya rehani kusajiliwa, mwandikie ndugu unayemwamini hati ya uwakili kupitia wakili, na isajiliwe. Iseme wazi anachoruhusiwa: kupokea kodi, kusaini mkataba wa pango, kulipia kodi ya ardhi, kusimamia ukarabati. Kuuza kusiwemo.

7. Barua ya uhamisho ikifika

Iarifu benki kwa maandishi, pamoja na anwani mpya na namba ya simu. Salari slipu ya kwanza ya kituo kipya ikitoka, hakikisha makato ya mkopo yamo. Yasipokuwemo, lipa mwenyewe mwezi huo huo, kisha mfuate afisa utumishi arekebishe. Mkopo ukikwama, benki inaweza kukupa notisi ya siku 60 ya kulipa deni, nayo inaweza kupelekwa kwenye anwani yako ya zamani.